Rafu ya Wajina

Maktaba ya kanisa pale Kibirichia ilinuka viazi. Rwamba alikuwa ameipiga deki, akafungua madirisha, akachoma hata maganda ya machungwa, lakini wapi. Ukifungua kitabu chochote, kiwe cha dini au cha mapenzi, ukurasa wa kwanza ulikupa harufu ya udongo. Si ajabu. Kabla ya vitabu kuletwa, chumba kile kilikuwa ghala la mbegu za viazi, na viazi ni kama wageni wa harusi: vikishazoea nyumba, haviondoki vyote kwa siku moja.

Rwamba naye alikuwa mgeni. Alitoka Karurumo, kule Embu, na diploma yake ya ukutubi, sanduku moja, na haya ya kumtosha yeye na jirani. Akisalimiwa na watu wawili kwa mpigo, alimjibu mmoja na kumwachia mwingine tabasamu. Vitabu havikumdai salamu, ndiyo maana akavipenda tangu utotoni. Shida ni kwamba watu wa Kibirichia hawakuvipa vitabu salamu pia. Walipita mlangoni na gambuti zao zilizojaa tope, wakachungulia, wakamsalimu Rwamba "Muga!" kisha wakaenda zao kupalilia.

Jumanne moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia kabichi, akaingia Mzee Kaberia, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti zito na uso uliofungwa vizuri kama mlango wa benki.

"Mwalimu," alimwita. Pale Kibirichia, kila anayekaa na vitabu ni mwalimu. "Mvua inakaribia. Kikundi cha wakulima kinaleta mbegu wiki ijayo, na hazina mahali pa kulala."

"Ndiyo, Mzee."

"Jumapili baada ya ibada kamati itapita hapa. Ikikuta watu wanasoma, vitabu vitakaa. Ikikukuta wewe na ufagio wako, viazi vitarudi kwao."

"Na vitabu, Mzee?"

"Vitarudi kwa maboksi. Kitabu hakiozi. Kiazi kinaoza."

Aliposema hivyo akatoka, akavuka barabara, akapita mbele ya nyumba yake ya mashine ya unga. Ilikuwa nyumba imara ya mawe, yenye paa zuri na kufuli kubwa lililoota kutu mlangoni. Mashine ilikuwa imekufa zamani. Mzee hakuiuza nyumba, hakuikodisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Rwamba alikaa chini. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Baba yake, huko Karurumo, alikuwa ameitangaza kazi hiyo sokoni, kanisani na kwenye kituo cha kupima majani chai. Saa sita siku ile ile baba akapiga simu.

"Mama!" alisema kwa furaha. "Vitabu vinakulisha vizuri?"

Baba humwita Rwamba mama kwa sababu alipewa jina la mama mzazi wa baba huyo, na huko kwao mtoto hapewi jina tu, hupewa mtu. Alipokuwa mdogo alikuwa akipelekwa kwa bibi Rwamba, wajina wake, na kikapu cha ndizi kichwani. Haikuwezekana aende mkono mtupu. Haikuwezekana pia arudi mkono mtupu. Safari moja alirudi na jogoo aliyemdonoa njia nzima.

"Vinanilisha, baba," akasema, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Jirani wa maktaba alikuwa Gatwiri, mwenye hoteli ndogo ya chai na maandazi. Gatwiri hakujua maana ya haya. Sauti yake ilipita ukutani kama ukuta ni pazia. Alasiri hiyo, Rwamba akiwa amepiga magoti kati ya maboksi ya vitabu vya msaada ambavyo alikuwa hajavipanga, alimsikia akiita nje:

"Munene! Wewe Munene! Maziwa yangu yako wapi?"

Rwamba alichungulia dirishani. Mwenye pikipiki ya maziwa aligeuka. Fundi wa pampu za dawa akageuka. Wazee wawili waliokuwa wakibishana kuhusu bei ya mbolea wakageuka. Hata mwanafunzi aliyekuwa akipita na jembe begani akasimama.

"Si nyinyi!" Gatwiri akafoka. "Munene wa maziwa! Nyinyi wengine endeleeni kuwa Munene huko huko!"

Rwamba alicheka peke yake. Kisha akatazama kitabu alichokuwa nacho mkononi. Kilikuwa riwaya ya upelelezi, na mpelelezi mwenyewe, aliyekuwa akichunguza maiti iliyopatikana kwenye kiwanda cha majani chai, aliitwa Inspekta Munene. Kando yake kulikuwa na kitabu cha ufugaji wa nyuki kilichoandikwa na Daktari Munene.

Basi akaanza kutafuta. Alipata kitabu cha fizikia chenye maandishi ya hasira kwenye jalada la ndani: Hiki ni cha Munene wa Kidato cha Pili Mashariki, ukikiiba utaota mkia. Alipata kitabu cha watoto kuhusu sungura anayekataa kulala, picha zimechorwa na Munene fulani. Alipata diwani ya mashairi ya mama mmoja aliyeolewa kwa kina Munene, na riwaya ya mapenzi ambayo mwandishi alikuwa ameitabaruku "kwa Munene, aliyenifundisha kusubiri." Alipata kitabu cha ramani za safari za mitume, mfasiri Munene, na cha mapishi ya mikate, ambacho mwenyewe alikitoa kwa kanisa akitia sahihi ya Munene yenye mkia mrefu kama wa kima. Hawa hawakuwa na undugu wowote. Ni jina tu lililowakutanisha, kama abiria waliokimbilia kibanda kimoja mvua iliponyesha.

Aliwapanga wote kwenye rafu iliyo karibu na mlango. Kisha akachukua kadibodi na kalamu nene, akaandika: MUNENE, WAJINA WAKO YUKO HAPA. INGIA. Akaitundika nje haraka, akarudi ndani, akajificha nyuma ya meza yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi wa pampu, Jumatano asubuhi, mikono bado inanuka dawa ya viazi.

"Nani ananiita?"

Rwamba akaonyesha rafu kwa kidole, maana sauti ilikuwa imekataa kutoka. Munene wa pampu akamchukua Inspekta, akasoma nyuma ya jalada huku midomo ikitembea.

"Kumbe mimi ni polisi!" akasema. "Na nina gari!" Akakitia kitabu kwapani, akaelekea mlangoni.

"Samahani... kuna kadi... ya kujaza," Rwamba akasema.

Munene alimwangalia kwa mshangao wa kweli, usio na ubaya. "Kadi? Wewe ukienda kumpokea ndugu yako stendi, unajaza kadi?"

Munene akaenda na nduguye.

Habari zilisambaa kama moto wa nyasi, na aliyezipepea ni Gatwiri, aliyemwambia kila mteja pamoja na chai. Munene wa maziwa alikuja akamchukua mfugaji nyuki. Mzee Munene wa mguu mbaya alituma ujumbe aletewe yule wa riwaya ya mapenzi, kwa kuwa, alisema, yeye pia amewafundisha wengi kusubiri. Kisha akaja bibi mmoja, Shosho Wanjugu, na kitenge kichwani.

"Nimekuja na mume wangu," akatangaza. "Ameambiwa kuna kitabu chake."

Rwamba aliangalia mlangoni akitafuta mzee. Hakuona mtu. Shosho akageuka, na mgongoni mwake, ndani ya kanga, kulikuwa na mjukuu wake wa miaka kama minne akinyonya kidole.

"Huyu ndiye Munene wangu," Shosho akasema. "Yule wa kwanza aliniacha, Mungu amrehemu. Huyu akaja kuchukua nafasi yake. Anapenda uji kama yeye, na hasikii, vile vile."

Mtoto alipewa sungura. Alimkumbatia, akafumba macho.

Kila mara Rwamba alinyoosha kadi, na kila mara waliitazama kadi ile kwa huruma, kama mtu anayetazama ndama mwenye miguu mitatu. Naye hakuwa na moyo wa kung'ang'ana. Aliona jinsi walivyovishika vile vitabu, kwa mikono miwili, akairudisha kadi mezani.

Jumatano hiyo hiyo jioni Mzee Kaberia alipita. Alisimama mbele ya rafu, ambayo ilikuwa bado na vitabu vichache, akasoma mgongo mmoja baada ya mwingine, taratibu, hadi mwisho. Kisha akaanza tena mwanzo, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Ni kina Munene tu?"

"Kwa sasa, Mzee."

"Mmh," akasema, akaenda zake.

Alirudi Ijumaa. Safari hii rafu ilikuwa tupu kabisa. Kilichobaki ni kikaratasi chenye jina la Munene, na vumbi.

"Vitabu vya kanisa viko wapi?"

"Vimechukuliwa, Mzee. Na Munene."

"Munene yupi?"

"Wote."

Mzee Kaberia alipitisha kidole kwenye vumbi la rafu. Nje, Gatwiri, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alinyamaza ili asikie vizuri.

"Wameandika mahali?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa hiyo hatuna wasomaji, na sasa hatuna vitabu." Hakuinua sauti, na hilo liliuma zaidi. "Mwalimu, viazi havijawahi kuchukuliwa na wajina wao. Jumapili ni keshokutwa."

Alipoondoka, Gatwiri aliingia na kikombe cha chai, akakisukuma mezani.

"Kunywa. Usilie. Ukilia na mimi nitalia, na nina wateja."

"Silii."

"Sawa. Hayo ni maji ya nini?" Gatwiri alikaa juu ya boksi. "Usimchukie huyo mzee, aki. Unajua ana wajukuu watatu Nairobi? Mmoja anaitwa Ethan, mwingine Jayden, na yule mdogo jina lake mzee hulitamka kama mtu anakohoa. Hakuna Kaberia hata mmoja. Ile nyumba ya mashine ameifunga akingoja Kaberia mdogo aje aifungue. Wamekuja Krismasi, wakapiga picha na ng'ombe, wakaenda. Halafu wewe unaleta rafu nzima ya kina Munene na kuiweka mbele ya macho yake."

Rwamba alikiweka kikombe chini. Alikumbuka yule mzee akisoma rafu mara mbili.

Jumamosi asubuhi alivaa gambuti za kuazima, akatoka kwenda kuvidai vitabu. Njia nzima alifanya mazoezi. "Habari ya asubuhi. Naomba kile kitabu." Aliwaambia kabichi, aliwaambia karoti, aliwaambia ng'ombe mmoja aliyemsikiliza vizuri sana.

Kwa Mzee Munene wa mguu mbaya alimkuta kitandani, mguu juu ya mto, riwaya ya mapenzi puani. Mkewe alikuwa ameketi kando akimenya viazi.

"Nyamaza kwanza, msichana wangu," mzee akasema. "Wanataka kuachana."

"Wameachana tangu jana," mkewe akasema. "Anarudia hapo hapo ili asifike mwisho."

Rwamba akakaa, akasikiliza hadi wapenzi wakapatana. Alipofungua mdomo kuomba kitabu, mama akampa sahani ya mukimo.

"Kitabu..." akasema baada ya mukimo.

"Huyo hawezi kurudi leo," mama akamkata. "Hajaandaliwa. Atarudi siku yake."

Rwamba alijua kukataliwa kwa adabu anapokusikia. Aliaga. Kwa Shosho Wanjugu alimkuta mume mdogo amelala, kitabu cha sungura chini ya shavu, mate yameifikia picha. Nani angekichomoa? Shosho naye akasema maneno yale yale: hajaandaliwa. Munene wa maziwa alikuwa amepanda na mfugaji nyuki hadi msituni kutafuta mti wa kutundikia mzinga. Munene wa pampu alikuwa amefunga kibanda, na mlangoni ameandika kwa chaki: INSPEKTA YUKO KAZINI.

Alirudi na kabichi moja kubwa na vitabu sifuri.

"Umepata ngapi?" Gatwiri aliuliza.

Rwamba akampa kabichi.

Alasiri ile hakubaki na la kufanya, ila jambo moja ambalo hakuna aliyemtuma. Alifungua maboksi yote yaliyobaki. Alitafuta Kaberia. Alisoma majina ya waandishi, ya wafasiri, ya wachoraji. Alisoma tabaruku, alisoma mihuri, alisoma maandishi ya wanafunzi pembezoni. Alipata kina Kathuri, kina Gitobu, Muthomi mmoja aliyeandika jina lake kila ukurasa kama anaogopa litatoroka. Kaberia hakuwemo.

"Si uandike tu," Gatwiri akasema akimwangalia kutoka mlangoni. "Chukua kalamu, andika Kaberia, weka kwa rafu. Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Atajuaje?"

"Wajina hatengenezwi, Gatwiri. Anapatikana au hapatikani." Rwamba alishangaa kusikia sauti yake imetoka yote, bila kukatika.

Jumapili jua lilitoka vizuri, Mlima Kenya ukavua mawingu yake, na ibada ikaisha mapema kuliko kawaida, kama kwa makusudi ya kumwonea. Kamati ilikuja: Mzee Kaberia mbele, nyuma yake wazee wawili na mama mmoja wa kwaya. Rwamba alisimama katikati ya chumba. Viti vilikuwa vitupu. Rafu karibu na mlango ilikuwa tupu. Ufagio, kwa bahati mbaya, ulikuwa mkononi mwake.

Mzee Kaberia aliutazama ufagio.

"Haya," akasema, kwa upole ambao Rwamba hakuutarajia. "Mwalimu, umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu."

"Mzee..."

Hakumaliza. Nje kulisikika vigelegele, vya Gatwiri kwanza, halafu vya wengine. Rwamba alichungulia.

Walikuwa wakiteremka kutoka kanisani kwa mstari mrefu, wakiwa bado na nguo za Jumapili. Mbele alikuwa Shosho Wanjugu, mume wake mgongoni, na kitabu cha sungura kimefungwa ndani ya kitambaa kilichofumwa maua. Nyuma yake Mzee Munene wa mguu mbaya alikuwa amebebwa kwenye pikipiki ya maziwa, riwaya ya mapenzi kifuani, imevalishwa jalada jipya la karatasi ya kaki. Munene wa pampu alikuwa amegundisha mgongo wa Inspekta uliokuwa umeachia, kwa gundi ya kuunganishia mipira ya pampu. Hautaachia tena hadi kiama. Na kila mmoja alikuwa na mzigo. Debe la viazi. Mkungu wa ndizi. Chupa ya maziwa. Jogoo, amefungwa miguu, akiwa na hasira zake.

Hapo ndipo Rwamba alipokumbuka kikapu cha ndizi kichwani mwake, na njia ya Karurumo, na jogoo aliyemdonoa. Hajaandaliwa, walimwambia. Alisomea chuo namna ya kupanga vitabu, akasahau namna wajina anavyosindikizwa kurudi kwao.

"Hodi!" Shosho aliita. "Tumemrudisha wajina. Alikaa vizuri, alikula, hakusumbua. Na hakurudi peke yake."

Akachomoa kitabu kingine chini ya kanga ya mtoto. Kilikuwa cha nyimbo, cha marehemu mumewe, kona zimeliwa na miaka, jina Munene limeandikwa ndani kwa kalamu ya risasi. Kila mmoja alikuwa ameleta kitabu chake mwenyewe cha kumsindikiza wajina. Munene wa maziwa alileta kitabu cha hesabu alichofelia. Mzee wa mguu mbaya alileta kijitabu cha sheria za mpira wa miguu, maana hakuzaliwa na mguu ule, alisema, na zamani filimbi yake iliogopwa hadi Nchiru. Mwanafunzi wa jembe alileta kamusi isiyo na herufi A.

Rafu ilijaa, ikafurika, vitabu vingine vikapangwa sakafuni. Na kwa kuwa huwezi kumsindikiza mtu kisha ukageuka mlangoni kama polisi, watu walikaa. Waliovikosa viti walikaa juu ya madebe ya viazi. Munene wa pampu alitaka kujua mfugaji nyuki alifikia wapi. Munene wa maziwa alitaka kugundua mwenyewe nani aliua mtu kiwandani.

"Usiniambie!"

"Ni mhasibu."

"Nimesema usiniambie!"

Mama wa kwaya wa kamati aliketi na kitabu cha mikate, na hakuonekana tena mkutanoni. Mmoja wa wazee wa kamati, ambaye kumbe jina lake la ubatizo lilificha Munene wa babu yake, alikuwa tayari anabishana kuhusu offside.

"Wasomaji wapo," mzee wa pili akamwambia Kaberia, akicheka. "Na viazi pia vipo. Sijui tuamue nini."

Mzee Kaberia hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, akiwatazama watu waliopata wajina wao.

"Mbegu bado zinakuja," akasema. "Hizi kelele hazitazikinga na mvua."

Na ilikuwa kweli. Viazi vya mbegu vikinyeshewa, ni msimu mzima umekwenda, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa na shamba linalongoja.

Rwamba aliuegemeza ufagio ukutani. Alivuka chumba kizima, watu wote wakimwangalia, jambo ambalo kwa kawaida lingemfanya atafute meza ya kujificha.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "jana nilimtafuta Kaberia. Katika maboksi yote. Nilisoma kila kitabu mwanzo na mwisho. Sikumpata. Samahani."

Uso wa yule mzee, ule uliofungwa kama mlango wa benki, ulitikisika kidogo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulimtafuta tu."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee Kaberia alivaa kofia yake, akatoka. Watu walidhani amekasirika. Walimwona akivuka barabara, akisimama mbele ya nyumba ya mashine, akipapasa mifuko. Kufuli lilikataa mara ya kwanza. Munene wa pampu akakimbia na kikopo chake cha oili, wakasaidiana, mlango ukalia kama mbuzi, ukafunguka. Mzee akaingia gizani. Alipotoka alikuwa anapuliza vumbi kwenye kitu.

Kilikuwa kitabu cha mwongozo wa mashine ya unga, chembamba, jalada la kijani limejaa alama za vidole vya grisi. Kurasa zilinuka mafuta na mahindi ya zamani. Ndani, kwa mwandiko wa kijana anayejipenda, wenye mikunjo na mapambo, kulikuwa na jina moja: Kaberia.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja," akasema. "Nilikisoma chote kabla mashine haijashushwa kwa lori. Nilikuwa namngoja mtu wa kumpa." Akakigeuza mikononi. "Lakini kitabu kikingoja kwa giza kinaliwa na panya. Na hapa, Mwalimu, ukiweka viazi, panya watakuja."

"Watakuja, Mzee," Rwamba akasema.

"Basi viazi vitalala kwa mashine. Paa ni zuri, sakafu ni ya simiti. Nyumba imelala vya kutosha." Akaigeukia kamati. "Kuna mwenye neno?"

Kamati ilikuwa inasoma.

Rwamba alitoa rafu nzima kwa ajili ya kile kitabu kimoja, akaandika kikaratasi kwa herufi kubwa. Kitabu kilisimama, kikaegemea ukuta, chembamba sana.

"Yuko peke yake," mzee akasema.

"Hata Munene nilianza na mmoja, Mzee."

Alikitazama kidogo, kisha akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho kama watu wa rika lake wanavyofanya, akabonyeza. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo maktaba nzima ikasikia ikilia huko Nairobi, kisha sauti ya mtoto ikimwita babu yake:

"Guka?"

"Ethan. Shule inafungwa lini?"

"Ijumaa. Kwa nini, Guka?"

"Kuna mtu hapa anakungoja. Mwambie baba yako akulete uje umchukue."

"Mtu gani?"

Mzee Kaberia alitazama rafu, akamtazama Rwamba, akaisogeza simu mdomoni.

"Wajina wangu," akasema. "Na usije mkono mtupu."

Nyuma yao yule jogoo alikuwa amefungua kamba, akaruka juu ya kina Munene, na Rwamba, mtulivu wa Karurumo, alisikika hadi hotelini kwa Gatwiri akipiga kelele kwamba kuku haruhusiwi maktaba bila kadi.